Yadi 313 za Biakabutuka

Katika taarikhi ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ambayo wenyewe huihifadhi kwa tarakimu na majedwali yasiyo na ukomo, msimu wa mwaka 1995 wa Chuo Kikuu cha Michigan hauhesabiwi miongoni mwa misimu ya fahari; kwani timu hiyo ilishinda mechi 9, ikashindwa 4, haikutwaa taji lolote, na hatima yake ilifungwa na Texas A&M, 22 kwa 20, mjini San Antonio. Walakini sisi watu wa Salamabila, Kabambare na Kasongo tuna sababu ya kuutazama msimu huo kuliko ile iliyokwisha kwa mataji, nayo ni kwamba aliyeubeba alikuwa kijana mzaliwa wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka, ambaye habari zake zimesimuliwa na Wamarekani na Wakanada zaidi kuliko Wakongomani.

Msomaji asidhani kuwa nataja kandanda; mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani. Kweli, siku ile ya tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers walipokabiliana na Princeton, watu 25 kila upande, mchezo ulikuwa wa mateke, na kuubeba mpira kulikuwa haramu. Bali katika miaka iliyofuata vyuo viliuacha mwendo huo, na mwaka 1880 Walter Camp wa Yale akapunguza wachezaji wakawa 11, kisha mwaka 1882 ikapitishwa kanuni ambayo hasa ndiyo iliyoufanya mchezo kuwa ulivyo, yaani kwamba timu isiyoweza kusogea mbele kwa kadiri iliyowekwa, katika majaribio yaliyohesabiwa, sharti iutoe mpira kwa wapinzani. Tangu 1912 kadiri hiyo ni yadi 10 kwa majaribio 4. Ni mchezo wa kutwaa ardhi basi, na kila hatua ya mchezaji hupimwa na kuandikwa.

Michigan wenyewe walicheza mechi yao ya kwanza tarehe 30 Mei 1879, mjini Chicago, dhidi ya chuo cha Racine. Zama hizo Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule aitwaye Tippu Tip, alikuwa amejikita Kasongo, na misafara iliyovuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipita Kabambare ikileta shanga na merikani, ile nguo ya pamba iliyofumwa Massachusetts, ambayo kwayo pembe zilinunuliwa na wapagazi wakalipwa. Nguo hiyo ilipimwa kwa shuka, kwa doti na kwa jora. Na kwa kuwa doti moja ni mikono 8, nayo ni sawa na yadi 4, yadi haikuwa kipimo kigeni kwa babu zetu. Yeyote apendaye hisabu aweza kuzigeuza zile yadi 313 ambazo Biakabutuka alizikimbia alasiri moja tu, akapata doti 78 na ziada ya yadi moja, ambayo mchuuzi wa zama hizo, nadhani, angeisamehe.

Mtoto huyo alizaliwa tarehe 24 Januari 1974, katika mwaka uliojaa michezo kwa Wazaire kuliko wowote mwingine: mwezi Machi timu ya taifa, Leopards, walitwaa Kombe la Afrika huko Misri, Juni wakapigwa 9 kwa 0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia, na tarehe 30 Oktoba, Kinshasa ilikesha kumtazama Muhammad Ali akimwangusha George Foreman. Angali mdogo, jamaa zake walihamia Kanada, wakakaa Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, na huko shuleni ndiko alikoujua mchezo huu, kisha akaendelea nao katika Vanier College hata Michigan wakamchukua. Huko Ann Arbor, mji wa chuo hicho, alikaa misimu miwili nyuma ya Tyrone Wheatley, mkimbiaji aliyekuwa mashuhuri kumzidi. Rais Mobutu alikuwa amekwisha kuwapiga marufuku raia wake, mwaka 1972, wasijiite kwa majina ya Kizungu. Lakini amri hiyo haikuvuka bahari, na Wamarekani wakamwita Tim.

Mwaka 1995 Wheatley alikuwa amekwisha kuondoka, na kocha Gary Moeller alijiuzulu mwezi Mei, timu ikakabidhiwa Lloyd Carr awe kaimu. Mechi ya kwanza, tarehe 26 Agosti, walikuwa nyuma ya Virginia 17 kwa 0 hata robo ya mwisho, wakashinda 18 kwa 17 kwa mpira wa mwisho kabisa, saa ikiwa imekwisha. Halafu wakafungwa na Northwestern, na Michigan State, na Penn State; na kati ya hayo wakaishinda Purdue 5 kwa 0, matokeo ambayo yangewafaa zaidi watu wa kandanda.

Tarehe 25 Novemba wakaja Ohio State, mechi 11 bila kushindwa, wakishika nafasi ya pili katika nchi nzima, wakiwa na Eddie George, ambaye majuma machache baadaye alitunukiwa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, na Terry Glenn, ambaye alikuwa amenena hadharani kwamba Michigan si kitu. Uwanja wa Ann Arbor ulijaa watu zaidi ya laki moja. Mara ya kwanza Biakabutuka kupewa mpira alikimbia yadi 22, na Ohio State hawakupata dawa yake tena. Alipewa mpira mara 37, akapita nyuma ya migongo ya Jon Runyan, Rod Payne na Jon Jansen, akitazama kwanza mwanya ufunguke kabla ya kujitosa, na alipokamatwa alikuwa aghalabu amekwisha kupata alichokitaka. Huo ni wastani wa zaidi ya yadi 8 kila safari, ilhali kanuni hudai 10 tu kwa majaribio 4. Ilipokwisha alikuwa na yadi 313, na Eddie George 104. Kijana mwingine, Charles Woodson, wa mwaka wa kwanza chuoni, alinasa pasi mbili za Ohio State. Michigan 31, Ohio State 23.

Faida ya ushindi huo, kwa ajabu ya mpangilio wa ligi yao, ilikwenda kwa Northwestern, ambao walibaki peke yao juu ya msimamo na kuingia mechi ya heshima ya Rose Bowl kwa mara ya kwanza tangu Januari 1949.

Mwaka huo Zaire ilitajwa ulimwenguni kwa Ebola iliyozuka Kikwit na kwa wakimbizi wa Rwanda waliojaa Goma na Bukavu. Sidhani kuwa kuna redio ya Kivu au ya Maniema iliyopata nafasi ya kutaja mpira wa Ann Arbor. Aprili 1996 Carolina Panthers, timu ya wachezaji wa kulipwa, walimchagua Biakabutuka wa nane katika nchi nzima, lakini majeraha yalimwandama, na baada ya msimu wa 2001 hakucheza tena. Mchezaji mmoja wa Michigan, Ron Johnson, aliwahi kukimbia zaidi ya yadi 313 katika mechi moja, 347 mwaka 1968. Ama yadi za msimu mzima, 1,818 alizozipata mwaka 1995 hazijafikiwa na yeyote chuoni hapo.