Filta ya AC na Barabara ya Tukuyu

Filta ya hewa ya ndani ya gari, ambayo mafundi wengi huiita filta ya AC, ni kitambaa cha nyuzi kilichokunjwa kwa mikunjo mingi na kupachikwa kwenye fremu nyembamba. Hukaa kwenye njia ya hewa inayovutwa kutoka chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapolala, kabla hewa hiyo haijawafikia abiria. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya nchini Tanzania, kifaa hiki ni kigeni kuliko gari lenyewe. Kwa miongo mingi magari yaliyopanda na kushuka kati ya Mbeya, Tukuyu na Ziwa Nyasa yalichuja hewa ya injini tu, na abiria walivuta hewa kama ilivyokuja.

Mzigo ulipita Rungwe muda mrefu kabla ya gurudumu. Wajerumani walijenga boma lao la kwanza, Langenburg, kando ya Ziwa Nyasa katika miaka ya 1890, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 wakalihamishia milimani, mahali penye baridi na mbu wachache, wakapaita Neu Langenburg. Ndiyo Tukuyu ya leo. Shehena ilivuka ziwa kwa meli, halafu ikapandishwa mlima kwa vichwa na mabega ya watu. Majeshi ya Jenerali Edward Northey yalipoiteka Neu Langenburg Mei 1916 yakitokea upande wa Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, chakula na risasi vilitegemea zaidi wapagazi, wale waliojulikana kama tengatenga.

Malori yalikuja kuwa ya kawaida katika nyanda hizi kati ya vita viwili vya dunia. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilivuta vijana wengi wa Kinyakyusa kwenda kutafuta kibarua, na mji wa Mbeya ukakua kwa haraka kutokana na biashara hiyo. Huko Rungwe kahawa na chai vilihitaji usafiri, chai kupita kahawa, kwa kuwa jani bichi halingoji: likikaa saa nyingi bila kufika kiwandani huharibika. Abiria wa malori hayo walipanda juu ya magunia. Kwa mtu aliyekaa juu ya magunia, suala la kuchuja hewa halikuwepo. Alijifunika kitambaa usoni, basi.

Injini haikuachwa hivyo. Vumbi likiingia kwenye silinda husaga pistoni na ringi, na gharama yake mwenye gari huiona upesi. Ndiyo maana Landrover zilizotumiwa na serikali, misheni na mashamba ya chai baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa na chombo cha chuma chenye oili, ambacho hewa ya injini ilipitishwa ndani yake ili vumbi linase humo. Dereva na abiria wake waliwekewa vifuniko viwili vidogo chini ya kioo cha mbele, vya kusukumwa kwa mkono. Vikifunguliwa, upepo uliingia pamoja na kila kilichomo: mavumbi, mende wa shambani na matone ya mvua. Hata Landcruiser zilizokuja baadaye na kupewa jina la mkonga zilipata sifa kwa bomba lililoinua mdomo wa hewa ya injini juu ya vumbi na maji. Mkonga huo haukumsaidia chochote aliyekaa kiti cha nyuma huku dirisha likiwa wazi.

Nje ya Afrika Mashariki mambo yalikwenda polepole vilevile. Kampuni ya Nash ya Marekani iliuza magari ya mwaka 1938 yenye hita iliyovuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye chujio. Packard ikafuata na kiyoyozi cha kiwandani katika magari yake ya mwaka 1940. Hata hivyo chujio la abiria halikuenea hadi mwisho wa karne. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa Ulaya waliweka filta za chavua kwenye baadhi ya magari ya bei ya juu, Mercedes-Benz SL ya mwaka 1989 ikiwa miongoni mwao, na katika muongo uliofuata filta hizo zikashuka hadi kwenye magari madogo. Sababu kubwa ilikuwa mzio wa chavua unaowasumbua watu majira ya kuchipua, maradhi ambayo dereva wa Tukuyu angeyasikia kama habari za mbali.

Filta iliingia Rungwe kwa mlango wa biashara. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi milango ikafunguka zaidi. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakawa mengi mwaka hadi mwaka. Tofauti na Kenya, inayokataa magari ya zaidi ya miaka 8, Tanzania hairudishi gari kwa sababu ya uzee. Hulitoza ushuru zaidi. Kwa hiyo gari linalofika Tukuyu mara nyingi limeshakula miaka kumi na kitu barabarani, na filta iliyomo ndani yake huenda ndiyo ya mwisho kuwekwa na mwenye gari wa Japani. Mnunuzi hubadilisha oili, plagi na matairi, lakini filta hiyo haoni, wala haulizi.

Wengine huikosa kabisa. Baadhi ya Toyota za karibu na mwaka 2000 zilitoka kiwandani na nafasi ya filta iliyozibwa kwa plastiki, kwa kuwa filta yenyewe iliwekwa kwenye toleo la bei ya juu au iliuzwa pembeni. Fundi anayeijua plastiki hiyo huikata kwa uangalifu na kupachika filta.

Rungwe inaitesa filta kwa namna yake. Udongo wa wilaya umetokana na volkano. Mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe wa takriban miaka 4,000 iliyopita ulitandaza mawe mepesi na majivu eneo kubwa, na udongo huo ukikauka barabara za vijijini hutoa vumbi laini sana. Lakini kiangazi ni kifupi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hivyo adui mkubwa ni unyevu. Majani hukusanyika chini ya waipa, yanaoza, maji yanakwama, filta inalowa na kuota ukungu. Harufu ya chumba kilichofungwa inayotoka feni inapowashwa huanzia hapo, ingawa wengi huilaumu gesi ya AC na kuijaza bure.

Hatari kubwa zaidi si harufu. Barabara ya lami kutoka Uyole, karibu na mji wa Mbeya, hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi huvuka milima ya Uporoto kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, kisha hushuka kupitia Kiwira na Tukuyu hadi bonde la Kyela, lisilofika mita 600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu ukungu hushuka hata mchana. Toyota Noah iliyojaa abiria na mikungu ya ndizi mbichi ina unyevu mwingi ndani, na kioo cha mbele hufunikwa na mvuke upesi. Kinachoukausha ni hewa yenye nguvu iliyopitia AC. Filta ikiziba, feni hulia kwa kelele huku kiooni kukifika pumzi kidogo, na dereva huanza kufuta kwa kitambaa akiwa kwenye kona. Kwa wilaya hii, basi, filta ya AC ni kifaa cha kuona barabara kabla ya kuwa kifaa cha starehe.

Kuibadilisha si kazi ya gereji kubwa. Katika Toyota nyingi kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria hutolewa kwa kubana pembe zake mbili, kifuniko cha filta kinaonekana nyuma yake, filta kuukuu huvutwa taratibu ili takataka zisimwagike kwenye feni, na mpya huingizwa kwa kufuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Kuipuliza kwa kompresa, kama wengi wanavyofanya, huondoa vumbi la juu tu na huweza kutoboa nyuzi. Iliyoota ukungu haisafishiki. Kuitupa na kufunga kifuniko bila kitu hurejesha nguvu ya upepo kwa muda, kisha vumbi na majani huganda kwenye mapezi ya ivaporeta, sehemu ya AC inayopoza hewa, na kuisafisha hiyo mara nyingi hudai dashibodi ishushwe.

Watengenezaji wengi hupendekeza filta mpya kila kilomita 15,000 hadi 20,000 au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi penye vumbi. Kwa magari ya Rungwe wakati unaofaa ni Oktoba au Novemba, vumbi la kiangazi likiwa limekwisha na mvua kubwa hazijaanza, na majani yaliyo chini ya waipa yaondolewe siku hiyohiyo.