Sponji, Vumbi na Honda ya Zamani

Kiangazi kikikolea katika bonde la Ziwa Rukwa, njia za udongo zinazoingia Kasansa husagika zikawa unga. Pikipiki moja ikipita na gunia la mpunga, anayeifuata hupunguza mwendo na kuvuta kitambaa puani. Injini nayo ina kitambaa chake. Kitabuni ni kichujio cha hewa. Mafundi wengi wanakiita eaklina. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho hakuna anayekisifia, lakini kikishindwa kazi, pikipiki nzima huisha taratibu bila mtu kujua ilianza kufa lini.

Fanya hesabu kidogo. Injini ya Honda CG125 ina ujazo wa sentimita za ujazo 124. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta pumzi mara 3,000. Kwa saa moja hiyo ni kama lita 22,000 za hewa. Tuseme dereva hafungui mafuta yote na tukate nusu: bado ni zaidi ya mapipa 50 ya lita 200. Katika hewa hiyo mna chembe za silika, na silika ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya, zinakwangua ringi na kuta za silinda. Oili huanza kupungua, moshi wa bluu unatoka, nguvu zinakwisha mlimani. Hapo mwenye chombo anaambiwa akachongeshe silinda, na fedha ya mpunga inaishia gereji.

Kwa hiyo mwenye Honda au Yamaha ya miaka ya 1970 na 1980, anayeuliza kichujio kipya akitoe wapi, ana swali zito. Jibu lake lina historia ndefu kidogo.

Pikipiki za mwanzo, kote duniani, nyingi hazikuwa na kichujio cha maana. Zilitengenezwa na watu waliofikiria barabara za kwao. Jangwa ndilo lililowafundisha. Katika Vita Kuu ya Pili, mchanga wa Afrika Kaskazini ulikuwa adui wa majeshi yote, na baadhi ya BMW R75 za Wajerumani zilikuja kubeba kichujio juu ya tangi la mafuta, chini ya kifuniko kinachofanana na kofia ya chuma, mbali na vumbi la magurudumu. Zama hizo njia iliyoaminika ilikuwa bakuli la oili: hewa inashuka, inageuka ghafla juu ya oili, na vumbi kwa uzito wake linashindwa kugeuka, linanasa. Utaona bakuli hilo hadi leo kwenye trekta kuukuu za Massey Ferguson.

Wakati huohuo, maabara ilikuwa imeshaanza kuandaa njia nyingine. Mwaka 1937, nchini Ujerumani, mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliyurethani. Kutokana na kemia hiyo tukapata vitu viwili vinavyokutana kwenye meza ya fundi wetu: sponji la godoro na sponji la kichujio. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ila hawakulelewa sawa. Tutarudi kwao.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi kama zetu pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi na oili huchelewa kubadilishwa. Wakaacha kamshafti ya juu, wakarudi kwenye fimbo za kusukuma vali, teknolojia iliyoonekana ya kizamani lakini yenye uvumilivu. Mnyororo wakaufunika wote. Karibu na muda huo Yamaha nayo ilikuwa na AG100, pikipiki ya shambani, ambayo mashirika ya misaada yaliisambaza sana Afrika. Hizi zilikuwa mashine za bwana shamba, bwana mifugo, padri na mganga wa zahanati. Zilifika vijijini kabla ya neno bodaboda kuzoeleka nchini.

Kisha vipuri vikaadimika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania iliishiwa fedha za kigeni. Dukani hata sabuni ilitafutwa. Nani angeagiza kichujio cha pikipiki? Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na 1986 ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ila mazoea yaliyozaliwa kwenye uhaba hayakuondoka na uhaba. Kichujio kikioza, unakata kipande cha godoro, unakishindilia kwenye sanduku, safari inaendelea.

Hapa ndipo tofauti ya wale ndugu wawili inapotuumiza. Vitundu vya sponji la kichujio vimefunguliwa, hewa inapita kwa kupindapinda, na vumbi linanaswa na oili iliyopakwa humo. Sponji la godoro lina vitundu vingi vilivyozibwa na ngozi nyembamba. Likiwa nene, injini inakosa pumzi, plagi inakuwa nyeusi na mafuta yanaliwa. Likiwa jembamba na kavu, vumbi linapita. Likizeeka linamomonyoka, na makombo yanaingia kwenye kabureta.

Miaka ya 2000 zikaja pikipiki za Kichina, na injini za nyingi kati yake zinatokana na ileile CG125. Ndiyo maana mwenye Honda ya zamani anaweza kupata vipuri kadhaa vya injini kwenye duka la bodaboda. Lakini asidanganyike: injini zinafanana, masanduku ya kichujio hayafanani. Kichujio kinachopungua milimita mbili pembeni ni mlango uliofungwa ukuta ukiwa na tundu. Honda huweka namba kwenye kila kipuri. Ya kichujio kwa kawaida huanza na 17210 au 17211, kisha hufuata alama ya aina ya pikipiki. Hiyo alama ya katikati ndiyo ya kumpa muuza duka.

Kuna pia vichujio vya pamba yenye oili, vilivyopata umaarufu kupitia K&N, kampuni iliyoanza 1969 California kutoka kwenye duka la pikipiki. Vingine ni vya duara, hufungwa moja kwa moja kwenye kabureta baada ya kung'oa sanduku. Vinapendeza machoni. Ila hewa ikiongezeka bila kubadilisha jeti ya kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi wa mafuta na injini inachemka. Na sanduku lile lililotupwa ndilo lililokuwa likizuia maji na vumbi la gurudumu la nyuma.

Kwa Kasansa, basi, kama pikipiki ilikuja na sponji, nunua sponji la kichujio na ulikate kwa kipimo cha fremu yake. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini, lipake oili, ulikamue mpaka lisidondoshe. Usilioshe kwa petroli. Inaharibu gundi, na ni hatari ya moto. Kama ilikuja na karatasi, usiioshe kabisa. Kung'uta, na ikichakaa nunua nyingine. Pikipiki ya moto wa mara mbili kama AG100 haina msamaha, maana hewa yake hupitia kwanza kwenye beringi za krenki.

Baada ya wiki moja ya vumbi, fungua bomba la mpira linalounganisha sanduku na kabureta, ufute ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka safi, uchaguzi wako ulikuwa sahihi, liwe limetoka Japani, China au kwenye mkasi wa fundi wa Majimoto. Kikitoka na unga mwekundu, pikipiki imeanza kula barabara, hata kama boksi la kichujio limeandikwa jina kubwa kiasi gani.