Mtaa na Masafa: Historia Fupi ya Kutanuka kwa Jiji la Dar es Salaam

Katika Kiswahili, neno mtaa lina maana mbili zilizo karibu: sehemu ya mji wanamoishi majirani, na njia inayopita kati ya nyumba zao. Maana hizo zimekutana katika neno moja kwa sababu katika miji ya kale ya pwani njia haikuwa ya kupita tu. Huko Lamu, vichochoro hupita baina ya nyumba zilizokaribiana sana; wikio huunganisha nyumba mbili juu ya njia, na baraza humweka mwenye nyumba karibu na mpita njia. Msikiti, soko na kisima vilifikiwa kwa miguu. Ukaribu, basi, ulikuwa sehemu ya maana ya mji wenyewe. Mhadhara huu unachunguza yaliyoupata ukaribu huo katika jiji la Dar es Salaam.

Mji huo ulianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891, na kanuni zao za ujenzi zikaanza kutenga maeneo kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa. Waingereza waliuendeleza mgawanyo huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kanuni zilitaja majengo. Wakazi walitaja watu, na majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yakaenea. Kwa viambishi u- na -ni tu, lugha ilisema wazi jambo ambalo kanuni zililisitiri.

Mgawanyo huo ulikuwa wa rangi, lakini pia ulikuwa wa masafa. Oysterbay ilipimwa kwa viwanja vikubwa, kila nyumba ikiwa ndani ya bustani yake, mahali panapomfaa mwenye gari. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, ilikuwa na viwanja vidogo na nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Kati yake na Uhindini uliachwa uwazi wa Mnazi Mmoja.

Baada ya uhuru mpaka wa rangi uliondolewa katika sheria, lakini nyumba iliyojitenga ndani ya kiwanja chake ilibaki kuwa sura ya maendeleo. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo ya pembezoni kama vile Bunju, Buyuni na Toangoma. Wasiopata viwanja vilivyopimwa walijijengea Manzese na kwingineko. Wakazi wa mkoa walifikia 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yamepunguza muda wa safari. Masafa yenyewe hayakupungua.

Hata hivyo, msongamano peke yake si mtaa. Kariakoo ya leo imejaa maghorofa, na mahali pengi baraza na ua vimetoweka. Manzese ina ukaribu, lakini ilijengwa kabla ya kupata barabara na mifereji ya kutosha. Neno Uswahilini hutamkwa mara nyingi kwa dharau, ilhali huko ndiko duka, genge na jirani vingali hatua chache kutoka mlangoni. Dharau hiyo ina gharama yake: humfanya mpangaji wa mji aone kasoro pekee, na kuubomoa ukaribu pamoja na uchafu.

Leo nchini Tanzania mtaa ni ngazi ya utawala mjini, wenye mwenyekiti anayechaguliwa. Sheria imelihifadhi neno. Lakini mtaa wenye mwenyekiti na muhuri, usio na soko wala shule inayofikiwa kwa miguu, ni mtaa kwa sheria tu. Kwa maana ya kale ya neno hilo, bado haujawa mtaa.