Ukosoaji Unaotaja Sababu: Mabishano Yaliyozirekebisha Pikipiki za Kasi

Pikipiki mpya ya kasi inapotoka kiwandani na kukabidhiwa mwandishi aijaribu, watu wa makundi matatu husubiri neno lake: kiwanda kilichoitengeneza, mtu anayetaka kuinunua, na yule aliyekwisha kuinunua. Neno likiwa zuri, wote hufurahi na habari huishia hapo. Likiwa baya, ugomvi huanza. Mwenye pikipiki husema mwandishi hajui kuendesha, mnunuzi husita, na kiwanda hulaumu hali ya barabara. Wengi huuona ugomvi huo kuwa kelele za washabiki. Historia ya pikipiki hizi nchini Uingereza, Marekani na Japani yatufunza vingine. Mara kwa mara mabishano hayo ndiyo yaliyosaidia kuleta marekebisho, ilimradi mkosoaji awe ametaja kasoro pamoja na chanzo chake, si kutoa hukumu tupu. Pale adabu ilipozidi, au ukali ulipokosa maelezo, kasoro ilikaa mahali pake hadi mshindani alipokuja kuiadhibu.

Mwanzoni hakukuwa na mjaribu wa kubishana naye. Jarida la The Motor Cycle lilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1903, wakati pikipiki nyingi zilikuwa bado baiskeli zilizofungwa injini, na sifa ya mashine ilipatikana kwa kufika safari bila kuharibika. Mashindano ya kwanza ya Tourist Trophy katika Kisiwa cha Man, mwaka 1907, yalikusudiwa kupima pikipiki za kawaida za safari, na kila mshindani alipewa kiasi maalumu cha mafuta. Waliotaka kujua pikipiki ipi ni bora walitazama ipi imemaliza. Waandishi kama Ixion, yaani Kasisi Basil Davies, aliyeandika katika jarida hilo kwa miongo mingi, walikuwa waendeshaji waliozungumza na waendeshaji wenzao. Kadiri viwanda vilivyokua, magazeti ya wiki yalizidi kutegemea matangazo yao. Pikipiki ya kujaribiwa ilitoka kiwandani ikiwa imeandaliwa na mafundi wa kiwanda chenyewe, nayo ripoti iliandikwa kwa lugha ya heshima mno. Injini iliyovuja mafuta ilielezwa kwa sentensi moja ya upole karibu na mwisho, na mtetemo uliotia ganzi mikono ya wenye pikipiki ulisemwa kuwa unahisika katika mwendo fulani tu.

Heshima hiyo iligharimu, na pikipiki ya Norton Commando ni mfano mzuri. Ilipooneshwa mwaka 1967 ilikuwa na jawabu la kweli kwa lawama ya miaka mingi: injini yake kubwa ya silinda mbili ilikalia mipira ndani ya fremu, hivyo mtetemo haukumfikia sana mwendeshaji. Wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua kuwa pikipiki ya mwaka mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Lakini katika mwaka huo wa tano kiwanda kilikuwa kikiuza Commando zenye injini ya Combat, iliyokandamizwa zaidi ili itoe nguvu za farasi 65, na beringi zake kuu zilikufa mapema mno. Taji la sifa halikumwonya mnunuzi juu ya beringi. Wakati huohuo Honda CB750 ilikuwa imeingia sokoni tangu 1969, ikiwa na silinda nne, breki ya diski mbele na kitufe cha kuwashia injini. Triumph Trident, iliyotangulia kidogo mwaka 1968, iliwashwa kwa teke na haikupata kitufe hadi 1975.

Hapa yupo atakayesema ninawabebesha waandishi mzigo usio wao. Ripoti ambayo kampuni ya Boston Consulting Group iliiandalia serikali ya Uingereza mwaka 1975 ilieleza anguko la sekta hiyo kwa sababu za uchumi: viwanda vilitafuta faida ya karibu, vikawaachia Wajapani soko la pikipiki ndogo, kisha vikazidiwa katika wingi wa uzalishaji na gharama. Nakubali kabisa. Hakuna mwandishi ambaye angeokoa kiwanda kisicho na mitambo mipya. Lakini dai langu ni dogo kuliko hilo. Mkosoaji hawezi kukipa kiwanda mtaji, ila anaweza kukinyima kisingizio cha kutojua. Wenye pikipiki waliijua mivujo ya mafuta kwa suruali zao. Kilichokosekana ni sauti ya hadharani yenye kusema, kwa jina la sehemu na kwa sababu ya kiufundi, kwamba jambo hili halikubaliki katika mashine mpya. Lawama ya mtu mmoja mmoja humalizikia kwa muuzaji. Lawama iliyochapishwa pamoja na sababu yake humfikia mhandisi, na pia humfikia mkubwa wake.

Marekani ilichukua njia nyingine. Joe Parkhurst alianzisha jarida la Cycle World mwaka 1962 akiamini kwamba jaribio la pikipiki lazima liseme mabaya pamoja na mazuri. Jarida la Cycle, lililokuwapo tangu 1950, lilifikia kilele chake katika miaka ya 1970 chini ya wahariri kama Cook Neilson na Phil Schilling. Mwaka 1970 lilikusanya pikipiki saba kubwa za wakati huo na kuzilinganisha zote kwa vipimo. Namba hizo zilibadilisha mabishano. Anayeandika kwamba pikipiki fulani ina kasi anaweza kupingwa kwa maneno tu, ilhali aliyetaja sekunde zilizotumika katika robo maili humlazimu mpinzani kuleta saa yake. Naye Neilson alifunga mdomo hoja kongwe ya kwamba waandishi hawajui kuendesha: mwaka 1977 alishinda mbio za Superbike za Daytona akiwa juu ya Ducati aliyoiandaa pamoja na Schilling. Aliyezoea kutafuta sekunde katika mashine yake mwenyewe hujua pia mahali pa kuitafuta kasoro katika mashine ya mwingine.

Kipindi hichohicho kinatupa mfano unaoonekana kuivunja hoja yangu. Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilikuwa na silinda tatu za mipigo miwili, ujazo wa sentimita za ujazo 498 na nguvu za farasi 60, kwa bei iliyokuwa chini kidogo ya dola 1,000. Ilisifiwa kwa kuruka kama mshale na kulaumiwa kwa yaliyobaki: fremu iliyoyumba kwenye kona, breki za ngoma zilizoelemewa na kasi, nguvu iliyokuja kwa ghafla, na gurudumu la mbele lililopenda kuinuka. Vijana walisoma lawama zote hizo, wakainunua. Je, ukosoaji ulikuwa kazi bure? Sidhani. Kwanza, walionunua walijua wananunua nini, na kumjulisha mnunuzi ni nusu ya kazi ya mjaribu. Pili, lawama zilizotajwa kwa sehemu zilijibiwa kwa sehemu: breki ya diski ilifika mbele ya H1 mwaka 1972, na mwishoni mwa mwaka huohuo Kawasaki wakatoa Z1 ya mipigo minne, yenye silinda nne na nguvu za farasi 82, ambayo nguvu yake ilimjia mwendeshaji kwa mtiririko badala ya kumshtua. Sheria za moshi za Marekani zilichangia pakubwa kuiua mipigo miwili, na siwezi kuwapa waandishi sifa ya kazi ya sheria. Hata hivyo orodha ya makosa ya H1 ilikuwa tayari imeandikwa kabla Z1 haijaonekana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Suzuki TL1000S ya mwaka 1997. Suzuki walitaka pikipiki ya silinda mbili zenye umbo la V ya kushindana na Ducati, ambao pikipiki yao ya 916 ilikuwa ikitawala nyoyo tangu 1994. Injini ya sentimita za ujazo 996 ilikuwa ya ajabu, na kiwanda kilitaja nguvu za farasi 125 katika chombo cha kilo 187 kabla ya kutiwa mafuta. Tatizo lilianzia kwenye umbo la injini hiyo. Silinda mbili zikiachana kwa nyuzi 90 huifanya injini kuwa ndefu kutoka mbele hadi nyuma, na ukitaka magurudumu yasiachane mno, nafasi ya shokapu nyuma ya injini hupotea. Wahandisi wakaigawa shokapu: springi wakaipeleka ubavuni, na kazi ya kuzuia mdundo wakaiweka katika kijisanduku, yaani dampa, chenye mabapa yanayozunguka ndani ya mafuta. Kwenye karatasi lilikuwa suluhisho la akili. Barabarani, mafuta yalikuwa machache na injini yenye joto ilikuwa jirani, kwa hiyo kijisanduku kilipofanya kazi mfululizo kilipata moto na kulegea. Nyuma ikalegea, mbele ikawa nyepesi kwa nguvu ya injini, na gurudumu lilipogonga tuta dogo usukani ulitikisika kushoto na kulia kwa ukali ambao mikono ya mtu haikuweza kuuzuia.

Waandishi wa Uingereza walilisema jambo hilo bila kupaka mafuta, na waendeshaji wakagawanyika. Wapo waliosema wanaotikiswa ni wale wanaoukaba usukani badala ya kuulegeza mkononi. Wengine walilaumu matairi, au springi isiyorekebishwa kwa uzito wa mwendeshaji, au waandishi wenyewe waliotafuta habari ya kuuza gazeti. Wengine tena walieleza yaliyowapata kwenye barabara za mashambani zenye viraka na mabonde. Mabishano hayo yalikuwa na faida kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu cha kwenda kukikagua. Chanzo kilikuwa kimetajwa: dampa ya nyuma na joto lake, pamoja na wepesi wa mbele. Mwenye kutilia shaka aliweza kubadilisha tairi, akarekebisha springi, akaona kama tatizo linaondoka. Suzuki waliziita pikipiki hizo zirudishwe kwa wauzaji nchini Uingereza ili zifungwe dampa ya usukani. TL1000R iliyofuata mwaka 1998 ilikuja na dampa hiyo, ingawa iling'ang'ania mfumo uleule wa nyuma. Uthibitisho mkubwa ulikuja baadaye: injini yenyewe iliendelea kuishi katika V-Strom 1000 ya mwaka 2002 na SV1000 ya mwaka 2003, na zote mbili zilifungwa shokapu ya kawaida. Kiwanda kilibakisha kilichosifiwa na kuacha kilicholaumiwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya wajaribu ni ya muda. Mwandishi hukaa juu ya pikipiki siku chache, tena mara nyingi kwenye uwanja wa mbio, wakati mwenye pikipiki anaishi nayo mvua na jua. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam au Kisumu hahitaji mwandishi kumweleza mashine ipi inastahimili mzigo, kwa maana anaipanda kutwa nzima. Hoja hii ni kweli, na inatuonesha mipaka ya kazi ya mjaribu: beringi za Combat zisingegundulika kwa siku mbili. Lakini mwenye pikipiki naye ana upofu wake. Ametoa fedha, ameizoea kasoro, na mwili wake umejifunza kuikwepa bila yeye kujua. Honda Fireblade ya mwaka 1992, kazi iliyoongozwa na Tadao Baba, ilipendwa mara moja kwa sababu ilibeba sentimita za ujazo 893 kwa kilo 185 tu. Gurudumu lake la mbele la inchi 16 lililaumiwa kwa kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi kwenye matuta. Wenye pikipiki hiyo walilitetea kwa miaka, na si kwa uongo, kwani walikwisha kujua namna ya kuishi nalo. Fireblade ya mwaka 2000 ilitoka na gurudumu la inchi 17. Jicho la mgeni na mkono wa mwenyeji huona vitu tofauti, na mashine inahitaji vyote viwili.

Ipo pia tuhuma kwamba ukali ni biashara, kwamba lawama huuza gazeti kama sifa inavyouza tangazo. Inawezekana, na ndiyo maana siutetei ukali kwa sababu ni ukali. Anayeandika kwamba pikipiki ni hatari na kuishia hapo amewapa wasomaji hofu tu, na kiwanda hakina cha kurekebisha. Anayeandika kwamba dampa inapoteza nguvu ikipata joto, tena kwenye barabara ya namna gani na baada ya mwendo gani, amejiweka wazi kupingwa na fundi yeyote. Kujiweka wazi huko ndiko kunakompa haki ya kusikilizwa. Nako ndiko kunakomlazimu anayempinga aache matusi na ushabiki, aende akapime.

Kwa hiyo msomaji anayekuta chombo anachokipenda kimekosolewa asianze kwa kuuliza mwandishi analipwa na nani au ana ujuzi gani. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini yaje baadaye. Aanze na hili: sababu imetajwa? Ikiwa imetajwa, aipeleke barabarani na kwa fundi, kisha aseme alichokiona, kiwe kinamuunga mkono mwandishi au kinamkanusha. Ikiwa haijatajwa, aidai. Waliobishana namna hiyo juu ya TL1000S walikuwa sehemu ya shinikizo lililofanya wenzao wafungiwe dampa, na katika chombo kinachokimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kifaa hicho kina uzito wa maisha ya mtu.