Jinsi na Jinsia: Mke wa Wamaza mbele ya Sheria

Katika Kiswahili cha Wamaza, Maniema ya kusini, neno "yeye" humtaja mume na mke bila kuwatofautisha. Sheria ndiyo iliyowatofautisha. Sheria ya Familia ya Zaire ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mkataba. Mwanamke asiyeolewa, mwenye umbile lilelile, hakubanwa na sharti hilo. Mwaka 2016 sharti lilifutwa, ingawa mume aliachiwa ukuu wa nyumba. Maumbile hayakugeuka, uwezo wa kutia sahihi ndio uliogeuka. Hivyo basi, kizuizi hakikutokana na jinsi, yaani umbile, bali na jinsia, yaani cheo ambacho jamii hulipa umbile hilo.