Komoro: Nyota Nne Kwa Bendera, Visiwa Vitatu Mkononi

Tarehe 24 Januari 2022 tulikuwa tumejazana kwa chumba kimoja cha hosteli, simu imeegemezwa kwa sufuria, tunatazama Kombe la Afrika. Kameruni dhidi ya Komoro. Na Komoro hawakuwa na kipa. Makipa wao wote watatu walikuwa nje kwa sababu ya majeraha na korona, kwa hivyo beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavalishwa jezi ya kipa na namba 3 yake ikabandikwa kwa tepu. Dakika ya 7 kapteni wao akala kadi nyekundu. Sisi tukajua hapa ni sita bila.

Iliisha 2-1. Komoro walipoteza, lakini mpira wa adhabu wa Youssouf M'Changama, ule wa kutoka mbali, ndio ulitutoa vitandani tukipiga nduru. Siku sita kabla ya hapo hao wasee walikuwa wametoa Ghana 3-2. Ghana, manze, mabingwa mara nne!

Mmoja wetu akauliza, "Na hii nchi iko wapi?" Kimya. Chumba kizima cha wanafunzi wa chuo kikuu, na hakuna aliyejua. Nikaanza kusoma. Alhadhur amezaliwa Nantes, Ufaransa. M'Changama amezaliwa Marseille, Ufaransa. Wenzao wengi, Ufaransa. Swali langu likawa: kwa nini timu ya taifa ya Kiafrika inazaliwa Ulaya? Mimi kampasi niliacha baadaye, lakini hilo swali sikuliacha. Leo wacha nikupe nilichopata.

Kwanza, ramani. Weka kidole kati ya kaskazini mwa Msumbiji na kaskazini mwa Madagaska. Hapo katikati ya bahari kuna visiwa vinne vilivyotokana na volkano. Ngazija ndicho kikubwa, na ndipo ulipo mji mkuu, Moroni. Juu ya Moroni kuna mlima Karthala, mita 2,361, volkano ambayo bado iko hai. Halafu kuna Nzwani, ambacho Wafaransa wanaita Anjouan. Kuna Mwali, kidogo kuliko vyote. Na kuna Maore, ambacho dunia inakijua kama Mayotte. Jina Komoro lenyewe limetoka kwa Kiarabu, neno la mwezi. Visiwa vya mwezi.

Watu wake ni kama wale wa pwani yetu: mchanganyiko wa Wabantu, Waarabu na Wamalagasi, karibu wote Waislamu wa Sunni. Na lugha yao, Shikomori, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Wanaisimu wanaziweka kwa kundi moja, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Mtu kwao ni mndru. Mji ni mdji. Akitaka kukushukuru anakuambia "marahaba", neno ambalo wewe unajibu nalo shikamoo. Kama uko Mombasa au una jamaa Zanzibar, huenda umekutana na Wangazija bila kujua wametoka mbali kiasi gani.

Sasa angalia bendera yao. Ina milia minne na nyota nne: njano ni Mwali, nyeupe ni Maore, nyekundu ni Nzwani, buluu ni Ngazija. Visiwa vinne. Lakini serikali ya Moroni inatawala vitatu tu. Kile cha mstari mweupe ni mkoa wa Ufaransa, na pesa yake ni yuro. Historia yote ya hii nchi iko kwa hiyo tofauti ya nne na tatu.

Ilianza 1841. Maore ilikuwa chini ya Andriantsoli, mtawala aliyetoka Madagaska, na majirani zake walikuwa wanamtaka kichwa. Akaona heri awape Wafaransa kisiwa, na wao wamlipe malipo ya kila mwaka. Visiwa vingine vitatu vikaja chini ya Ufaransa rasmi mwaka wa 1886. Kwa hivyo Maore ilikaa na Wafaransa zaidi ya miaka 40 kabla ya ndugu zake. Makao makuu yakawekwa huko, Dzaoudzi.

Kwa visiwa vingine kazi ilikuwa ni mashamba. Makampuni na walowezi walichukua ardhi nzuri wakapanda vanila, karafuu na mlangilangi, ule mti ambao maua yake hutengeneza mafuta ya manukato. Mpaka leo Komoro ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa mafuta ya mlangilangi duniani. Ile pafyumu ghali unaona kwa tangazo, kuna uwezekano maua yake yalichumwa asubuhi na mama wa Nzwani. Bei haipangi yeye.

Mwaka wa 1958 ikaamuliwa makao makuu yahamishwe kutoka Dzaoudzi kwenda Moroni. Kwa karatasi ni uamuzi wa ofisi tu. Kwa watu wa Maore ilikuwa ni kazi zimeenda, pesa imeenda, heshima imeenda. Wakaanza kuogopa kwamba uhuru ukija, watatawaliwa na Ngazija. Na hapa ndipo wanawake wa Maore walipofanya kitu sijawahi kusoma kwingine kokote. Viongozi kutoka Moroni wakija kisiwani, kundi la wanawake linawazunguka na kuwatekenya. Ndio, kuwatekenya mbavuni, mpaka wanarudi kwa ndege. Ukimshika mwanamke kwa kosa la kukutekenya, utamshtaki na nini? Wafaransa waliwaita wanawake wa kutekenya, na mmoja wa viongozi wao, Zéna M'Déré, bado anakumbukwa huko.

Basi, tukafika tarehe 22 Desemba 1974. Kura ya maoni: mnataka uhuru au mnabaki na Ufaransa? Ukijumlisha visiwa vyote, takriban asilimia 95 walisema uhuru. Mchezo umeisha, si ndio? Hapana. Kwa Maore peke yake, zaidi ya asilimia 60 walisema hapana.

Sheria ya Ufaransa iliyoitisha hiyo kura haikusema "jamii ya Komoro". Ilisema "jamii za Komoro". Kwa wingi. Herufi moja, skia. Ikiwa ni jamii ya Komoro, unahesabu kura zote kwa kapu moja na nchi inaondoka nzima. Ikiwa ni jamii za Komoro, unahesabu kisiwa kwa kisiwa, na kila kimoja kinaweza kwenda njia yake. Paris ikachagua hesabu ya pili.

Viongozi wa Moroni hawakungoja. Tarehe 6 Julai 1975, Ahmed Abdallah akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne. Februari 1976 Ufaransa ikarudi kupiga kura Maore pekee, na asilimia 99 wakasema tunabaki. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalaani hiyo kura. Ufaransa haikutikisika.

Nataka tuwe wakweli hapa, kwa sababu ni rahisi kumaliza stori kwa kusema mkoloni ndiye mbaya na tulale. Mkoloni alichagua hesabu iliyomfaa, hilo ni kweli. Lakini hofu ya watu wa Maore ilikuwa ya kweli pia. Hawakulipwa kutekenya watu. Waliona ndugu anakuja na mzigo wa ubabe, wakaamua heri mgeni wanayemjua.

Na kilichotokea kwa visiwa vitatu baada ya hapo hakikuwafanya wajute. Abdallah alipinduliwa tarehe 3 Agosti 1975, kabla hata uhuru haujamaliza mwezi. Akaja Ali Soilih, ambaye aliwapa vijana wa miaka 14 haki ya kupiga kura, akafuta wafanyakazi wa serikali, akachoma kumbukumbu za ofisi, na akaweka vijana barabarani na silaha. Mei 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, akatua usiku na watu takriban 50 na kuchukua nchi. Soilih akauawa mwezi huohuo. Abdallah akarudishwa kwa kiti, na kwa miaka 11 walinzi wa rais wakawa wanaongozwa na mamluki. Mwaka wa 1989 Abdallah naye akauawa. Mwaka wa 1995 Denard akajaribu tena, na safari hii jeshi la Ufaransa lenyewe likaja kumtoa. Ukihesabu mapinduzi na majaribio yote tangu uhuru, yanapita 20.

Mwaka wa 1997 Nzwani ikajitenga, na watu wakapeperusha bendera ya Ufaransa wakiomba warudishwe. Ufaransa ikakataa. Baadaye katiba ya 2001 ikaweka utaratibu wa urais kuzunguka kisiwa hadi kisiwa, na 2008 wanajeshi wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, wakaenda Nzwani kumtoa kiongozi aliyekataa kutii. Mwaka wa 2018 rais Azali Assoumani akabadilisha katiba ili aweze kukaa vipindi viwili mfululizo.

Lakini mwaka ambao uliumiza mtu wa kawaida zaidi ni 1995. Kabla ya hapo, mtu wa Nzwani angepanda mashua kwenda Maore kumwona shangazi, kuuza samaki, kujifungua. Mwaka huo Ufaransa ikaweka visa. Kati ya Nzwani na Maore ni kilomita 70 hivi. Fupi kuliko Nairobi hadi Naivasha. Shangazi akageuka kuwa mtu wa nchi za nje.

Watu hawakuacha kwenda. Wanavuka usiku kwa mashua ndogo za uvuvi zinazoitwa kwassa-kwassa, jina la ile dansi ya Kongo, kwa sababu ya vile zinacheza juu ya mawimbi. Waliozama wanahesabiwa kwa maelfu. Wanaofika, wengi wanakamatwa na kurudishwa, kisha wanapanda tena. Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa mwaka wa 2011, na karibu nusu ya wakazi wake ni wageni kwa hesabu ya Ufaransa, wengi wao kutoka hivyo visiwa vingine vitatu. Tena usidhani huko ni Paris. Ni mkoa maskini kuliko yote ya Ufaransa. Kimbunga Chido kilipoipiga tarehe 14 Desemba 2024, vilivyolala kwanza ni vibanda vya mabati vya hao wanaoitwa wageni.

Sasa turudi kwa Alhadhur. Wakomoro wengi walienda Ufaransa, hasa Marseille, na pesa wanazotuma nyumbani ni takriban sehemu moja kwa tano ya uchumi wote wa nchi. Hiyo inapita vanila, inapita karafuu. Watoto waliozaliwa huko ndio waliokuja kuvaa jezi ya kijani. Hawakuhitaji. Wangeweza kubaki na maisha yao. Lakini walienda hadi golini bila kipa kwa ajili ya kisiwa ambacho wengine walikijua kwa likizo ya Agosti tu.

Hiyo likizo ya Agosti ina sababu yake. Kwa Ngazija kuna harusi kubwa ya mila, inaitwa ada. Mtu anaweza kuweka akiba miaka mingi Marseille akiiwazia hiyo tu: ng'ombe, dhahabu, karamu ya mji mzima. Akiimaliza anaitwa mndru mdzima, mtu mzima. Asipoifanya, hata akiwa na miaka 60, kwa baraza bado anahesabiwa mtoto wa mji.

Hapo nilicheka, halafu nikanyamaza. Tangu niache kampasi, kila nikienda ushago mathe hunitambulisha na kile alichosomea dada yangu. Mimi najilipia rendi, natuma pesa nyumbani, lakini bila ile siku ya joho bado sijahesabika. Nani anahesabu, na anahesabu vipi? Mkomoro anajua hilo swali kutoka kwa harusi mpaka kwa kura.

Wimbo wao wa taifa unaitwa Udzima wa ya Masiwa. Masiwa ni visiwa. Udzima ukilisikia kwa sikio la Kiswahili unadhani ni uzima, afya. Kwao ni umoja, kuwa kitu kimoja. Wameuimba kabla ya kila mechi wakijua kisiwa kimoja hakipo, na wakijua kwamba kwa kutumia nguvu hawawezi kukirudisha, na kwamba hata visiwa vitatu walivyo navyo vimewahi kutaka kuachana.

Mimi sidhani Maore itarudi kwa sababu ya azimio lingine la Umoja wa Mataifa. Kama itarudi, ni siku ile watu wake wataangalia Moroni na kuona mahali ambapo mtu wa kisiwa kidogo hatafutwi kwa hesabu. Hilo hakuna Mfaransa anaweza kuwazuia Wakomoro kulijenga. Na ukiangalia vile sisi hapa tunahesabiana kila miaka mitano, kaunti yangu na kaunti yako, nadhani si wao peke yao wana hiyo kazi.

Siku nyingine ukiulizwa Komoro iko wapi, usinyamaze kama sisi. Na wewe niambie: ungekuwa Maore mwaka wa 1974, ungepiga kura gani?