Tarakilishi ikichakaa: Kubadilisha prosesa au kununua nyingine?

WENGI wanaomiliki tarakilishi zilizonunuliwa miaka kumi au zaidi iliyopita hujikuta kwenye njia panda pindi mashine inapoanza kujikokota. Fundi wa mtaani huwaambia kuwa prosesa imezeeka na kwamba ikibadilishwa mambo yatanyooka. Muuzaji wa dukani naye hushikilia kuwa dawa ni kununua nyingine. Kila mmoja wa hao wawili ana kitu cha kuuza, na ushauri wake hauna budi kupimwa kwa mizani hiyo.

Kwa familia yenye tarakilishi moja sebuleni, uamuzi mbaya ni hasara ndogo. Kwa mwenye saiba katika mji mdogo, ambaye mashine zake kumi ndizo zinazolipa kodi ya chumba na karo ya watoto, shilingi elfu kadhaa zikipotea mara kumi ni mtaji mzima. Isitoshe, Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Waliotaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama walilazimika kujisajili katika mpango wa ziada, ambao kwa watumiaji wa kawaida ulitangazwa kuwa wa mwaka mmoja. Swali la kasi likageuka kuwa swali la usalama pia.

Prosesa ni kipande bapa cha silikoni kinachotekeleza amri za programu, mabilioni ya amri kwa sekunde. Intel 4004, iliyoingia sokoni mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni. Hata hivyo, prosesa haifanyi kazi peke yake. Huingoja kumbukumbu ya RAM, nayo RAM huingoja diski, na mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Hoja iliyotolewa mwaka 1967 na mhandisi Gene Amdahl, wakati huo akiwa katika kampuni ya IBM, ndiyo chimbuko la kanuni inayobeba jina lake: kuharakisha sehemu moja ya kazi hakuwezi kuokoa muda unaozidi ule uliokuwa ukitumiwa na sehemu hiyo. Chukulia programu inayochukua sekunde 20 kufunguka, 15 zikiwa za kuingoja diski na tano tu za prosesa. Prosesa yenye kasi maradufu itapunguza muda huo hadi sekunde 17.5. Diski yenye kasi mara kumi, bila kuigusa prosesa, itaufikisha 6.5. Hesabu hii ndogo ingewaokoa watu wengi fedha zao.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua kasha kwa bisibisi, mwenye mashine anastahili kujua ni kiungo kipi kinachochelewesha kazi. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha ni kiasi gani cha prosesa, kumbukumbu na diski kinachotumika wakati huo. Kazi za kila siku zifunguliwe zote kwa pamoja: kivinjari chenye kurasa tano au sita, barua inayochapwa, printa ikitoa nakala. Ikiwa prosesa imetulia kwenye asilimia 20 ilhali diski imeganda kwenye 100, prosesa mpya haitabadilisha lolote. Ikiwa kumbukumbu ndiyo iliyojaa, mashine huanza kuitumia diski kama ghala la ziada, na kasi huporomoka. Ni pale tu prosesa yenyewe inapokwama juu kwa dakika nyingi, huku diski na kumbukumbu zikiwa na nafasi, ndipo fundi anapokuwa na hoja.

Hata hapo tahadhari ingalipo. Vumbi likiziba feni, na ile grisi ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ikikauka, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kusafisha na kupaka grisi mpya ni kazi ya nusu saa, na si mara moja wala mbili mashine iliyokwisha kuhukumiwa imefufuka kwa njia hiyo. Kuna pia betri ndogo ya duara aina ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu. Ikiisha, tarakilishi husahau tarehe kila inapochomolewa kwenye umeme, na tovuti salama, zikiwemo za benki na za ushuru, hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana kuwa batili. Mwenyewe hudhani mashine imekufa, kumbe kinachohitajika ni betri inayouzwa kwa mafundi wa saa.

Mashine nyingi za mezani zilizotengenezwa kati ya 2010 na 2016 zilikuja na diski za kuzunguka. Diski ya namna hiyo hulazimika kusogeza kichwa chake kutafuta kila kipande cha data, safari ya takriban sekunde moja kwa mia. Diski ya SSD haina kinachosogea, na safari hiyo huwa fupi mara mia hivi. Ndiyo maana tarakilishi iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka huwaka chini ya nusu dakika ikipewa SSD, prosesa ikiwa ile ile ya zamani. Baada ya hapo ni RAM: GB 4 hazitoshi tena kwa vivinjari vya sasa, GB 8 zinatosha kazi za ofisi. Ieleweke kwamba bei za RAM mpya zilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu zao kwenye vituo vya data vya akili unde. RAM ya DDR3 iliyotumika, ambayo ndiyo inayoingia kwenye mashine za umri huo, ni soko jingine.

Ikithibitika kwamba prosesa ndiyo kikwazo, suala linalofuata ni soketi, yaani kiti ambamo prosesa huketi kwenye ubao mkuu. Hapa ndipo wengi hunaswa. Intel ina mazoea ya kubadilisha soketi kila baada ya kizazi kimoja, viwili au vitatu. Vizazi vya 2 na 3 vya Core, vya 2011 na 2012, hutumia LGA 1155. Kizazi cha 4, cha 2013, kina LGA 1150. Vya 6 na 7 vina LGA 1151. Vya 8 na 9 navyo hutumia soketi inayoitwa LGA 1151, na prosesa huingia kitini bila kusukumwa, lakini kwenye ubao uliotengenezewa kizazi cha 6 au 7 tarakilishi haiwaki. Mpangilio wa umeme ulibadilishwa na chipseti haiitambui. Jina moja, vitu viwili, na muuzaji asiye mwaminifu hana haja ya kusema uongo ili kumuuzia mtu kitu kisichomfaa.

Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, isichanganywe na ya 2023 yenye jina hilo hilo. Iliyokuja na prosesa ya Core i3-3220, yenye viini viwili, inaweza kupewa i5-3470 yenye viini vinne, au i7-3770 yenye viini vinne vinavyoshughulikia mikondo minane ya kazi kwa wakati mmoja. Kwa anayehariri video au kushughulikia majedwali makubwa ya hesabu, tofauti itaonekana. Kwa anayechapa barua na kusoma habari, haitaonekana. Na hapo ndipo dari ilipo: baada ya i7-3770 hakuna pa kupanda kwenye ubao huo, na i7 hiyo bado ni kizazi cha 3.

Suala la kizazi ndilo kiini cha mambo. Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Matokeo yake yanachekesha kidogo. Core i7-7700 ya Januari 2017, yenye nguvu za kutosha kwa kazi yoyote ya ofisi, imeachwa nje ya orodha, ilhali i3-8100 iliyotoka baadaye mwaka huo huo, na ambayo ni dhaifu kuliko hiyo i7 katika kazi nzito, imo. Zipo mbinu za kukwepa kizuizi hicho na kusakinisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, lakini Microsoft imeeleza kuwa haitoi hakikisho la marekebisho kwa mashine za aina hiyo. Anayezitumia nyumbani kwake ajue anachofanya. Biashara isitegemee mbinu hizo.

Kwa saiba, athari zake haziishii kwa mwenye mashine. Mteja anayeketi kujaza ritani za KRA, kuomba mkopo wa HELB au kulipia huduma kwenye eCitizen huandika nywila na nambari yake ya kitambulisho kwenye kibodi ya mtu mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huwataka wanaoshughulikia data za watu kuchukua hatua za kuzilinda, na mfumo usiopokea tena marekebisho ni mlango usio na komeo.

Upande wa AMD habari ni tofauti, na hapa kubadilisha prosesa huwa uamuzi wa busara. Soketi ya AM4 ilidumu tangu prosesa za kwanza za Ryzen za 2017 hadi mfululizo wa 5000. Mwenye Ryzen 5 1600, ambayo Windows 11 haiitambui rasmi, anaweza kuingiza Ryzen 5 5600 kwenye ubao ule ule, RAM ile ile, kasha lile lile. Atapata kasi na miaka ya usalama kwa gharama ya kipande kimoja. Masharti ni mawili. Kwanza, mtengenezaji wa ubao awe ametoa toleo la BIOS linaloitambua prosesa mpya. Pili, BIOS hiyo isakinishwe kabla ya kuondoa prosesa ya zamani, kwani bila hivyo mashine haitawaka. Umeme ukipotea katikati ya usakinishaji, ubao unaweza kufa pale pale, hivyo kazi hiyo ifanywe mashine ikiwa kwenye UPS.

Vipakatalishi havina mjadala mrefu. Tangu kizazi cha 5 cha Intel, prosesa zake huchomelewa kwenye ubao kwa risasi, na fundi anayeahidi kuibadilisha anaahidi kubadilisha ubao mzima.

Sasa hesabu ya yule mwenye saiba. Bei hubadilika, lakini ikiwa atatozwa Sh2,500 kwa kila prosesa na Sh500 za fundi, mashine kumi za kizazi cha 3 zitamgharimu Sh30,000, na zote zitabaki nje ya Windows 11. Ikiwa mashine moja ya kizazi cha 8 iliyotumika ng'ambo inauzwa Sh15,000, fedha hizo hizo zitampa mbili. Mbili hazijazi chumba, lakini zinaweza kutengewa kazi za ushuru, benki na serikali, nane zilizobaki zikiwekewa mfumo huria wa Linux Mint kwa kazi ya kuchapa na kusoma. Mfumo huo haudai malipo, hupokea marekebisho ya usalama, na huenda vyema kwenye mashine yenye GB 4 za RAM na diski ya SSD. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya printa huusumbua, na mteja aliyezoea Word huhitaji kuelekezwa siku ya kwanza.

Kuna pia bili ya umeme, ambayo aghalabu husahauliwa. Prosesa ya i5-3470 imekadiriwa kiwango cha joto cha wati 77. Core i5-8500T, yenye viini sita na inayopatikana kwenye zile tarakilishi ndogo zinazotoshea nyuma ya skrini, imekadiriwa wati 35. Mashine nzima ikiokoa wati 40, kumi zikifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 104. Uniti ikiwa Sh30, hizo ni Sh3,120 kila mwezi. Katika nyumba ambamo mashine huwashwa saa moja jioni, akiba hiyo haina maana.

Anayeamua kununua iliyotumika asilaghaiwe na maandishi ya i7 yaliyobandikwa mbele ya kasha. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na wauzaji wanajua hivyo. Nambari inayofuata kistari ndiyo inayosema ukweli: i7-3770 ni kizazi cha 3, i5-8500 ni cha 8, i5-10500 ni cha 10. Aombe mashine iwashwe mbele yake na asome nambari hiyo kwenye skrini. Aangalie pia ubao mkuu. Kapasita zikiwa zimevimba vichwani, hiyo si mashine ya kununua kwa bei yoyote.

Ile ya zamani nayo isitupwe jaani, kwa kuwa ina risasi na kemikali nyingine zenye sumu. Jijini Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki. Ikiwa itauzwa au kutolewa kwa shule, diski iondolewe kwanza au ifutwe kwa programu maalumu inayoandika juu ya data yote, kwani faili zilizotupwa kwenye pipa la taka la Windows zinaweza kurejeshwa na mtu yeyote mwenye nia. Diski ya kuzunguka isiyohitajika tena hutobolewa kwa drili, matundu mawili matatu yakipenya kwenye sahani zilizo ndani.